Dodoso la Kumi na Mbili

8 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, nikiomba na wewe uwe hivyo, na kama baridi ya huko imeanza basi uwe umelitoa koti sandukuni. Mama anakusalimu sana. Cherehani yake imetengenezwa, sasa inapiga kelele mara mbili ya zamani lakini inashona. Bibi hajambo. Kila siku anauliza kama kuna barua yako, nami namjibu kwamba mwanawe huyo ana mikono miwili tu na yote imo kwenye sabuni.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga. Ulisema, "Hatujambo, kazi ni nyingi, wasalimie," ukakata. Kwa hiyo narudi kwenye karatasi, ambako huwezi kunikatia.

Mjomba, nimepata nafasi ya kusomea uzamivu. Ndiyo, mpwa wako Mbishi! Nataka kuchunguza maisha ya watu waliohama kwenda kufanya kazi mbali: wanaishije huko, na nyumbani wanajulikana kwamba wanaishije. Tatizo ni kwamba chuo kimenipa nafasi bila senti moja. Nikifika mwisho wa Septemba sina mfadhili, nafasi anapewa anayenifuata kwenye orodha.

Nimesoma matangazo ya ufadhili mpaka naota fomu. Wa kwanza wanafadhili utafiti wa wahamiaji, ila mwombaji awe raia wa kwao. Yaani mhamiaji aandikwe, asiandike. Wa pili wanataka mtu asiyezidi miaka ishirini na saba, nami nimetimiza ishirini na nane Novemba. Wa tatu wanataka uwe umeshachapisha makala mbili, na kuchapisha makala nako kunataka ufadhili. Umebaki mmoja tu, mfuko unaosaidia wanafunzi wa utafiti wa uhamaji kutoka popote, bila kuuliza umri. Unalipa miaka miwili, na safari ya utafiti juu yake. Mlango unafungwa tarehe 30 Juni.

Wanachotaka ni andiko la utafiti na majibu ya awali kutoka kwa wahamiaji wasiopungua sita. Mimi nashinda kwenye duka la fotokopi getini pa chuo, wahamiaji nitawatoa wapi? Sina nauli ya kuwafuata, ila nina mjomba.

Wako,
Mbishi

11 Februari

Mpwa wangu Mbishi,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa pembeni lakini maneno yote yamesalimika. Hongera! Nilipoisoma niliwapigia kelele wenzangu, wakadhani mashine imemnasa mtu. Mimi mzima. Kifua kilinisumbua wiki mbili kwa mvuke wa huku chini, sasa kimetulia. Hiyo ya kifua usimsomee mama, yaani bibi yako. Ruka.

Unajua hoteli yetu ina vyumba mia tatu. Shuka zote na foronya zote zinateremshwa kwenye bomba la bati kutoka ghorofa ya tisa, zinaangukia mbele yangu. Huko juu wanaishi watu waliokula wakashiba, huku chini tunafua usingizi wao. Dirisha hatuna, saa tunaijua kwa taulo: za bwawani zikianza kushuka, ni saa nane mchana.

Nimecheka, lakini. Kumbe kuna watu wanatoa ufadhili ili mtu aulizwe kwa nini amehama? Wangekuja kwangu ningewaeleza bure, na chai ningewapa. Basi tuma hayo maswali. Jumapili watu wetu hukutana kwa kinyozi, nyuma ya kituo cha mabasi. Wengine shule iliwapita mbali, wengine mikono imechoka, kwa hiyo wao wataongea, mimi nitaandika. Usihofu. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji na mwandishi wa barua wa mtaa mzima.

Na wewe nilikufundisha mwenyewe, au umesahau? Ulikuwa na miaka tisa. Ulisimama kitandani kwa mama ukasoma kwa sauti barua ya babu yako kutoka machimboni, kwamba ameangukiwa na jiwe mguuni. Mama hakula siku mbili. Nikakuvuta uani nikakwambia: barua ni kama chai, mwenye kuletewa hapewi na majani yake. Chuja kwanza. Makapi yabaki kwako, wewe msomaji. Tangu siku hiyo hukukosea hata mara moja, nami nilijua nikiondoka nyumba ina mtu.

Nisalimie dada. Mwambie mama kazi ni nyingi, mwakani tukijaliwa nitakuja.

Mjomba wako,
Dobi

6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Bahasha hii ni nzito kwa sababu ina madodoso ishirini. Tajiri wangu kanichapia bure kwa ahadi kwamba nitamfungulia duka Jumapili zote za mwezi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka mgongo unalia.

Maelekezo ni machache. Majina hayaandikwi, weka namba tu. Mtu asilazimishwe. Na uandike wanavyosema wenyewe, hata wakitukana.

Moja ni lako. Usijifanye hukuona.

Bibi hajambo. Macho yanamsumbua kidogo, ni vumbi la kiangazi tu. Mama anashona sare za shule na hana muda wa kugombana na mtu, nyumba imetulia.

Mbishi

25 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Tulikuwa na mkutano wa wenye biashara hotelini, watu mia nne wanaojifuta kwa taulo tatu tatu kila mmoja.

Haya, kazi yako hiyo. Wewe umeomba sita, mjomba wako kaleta kumi na moja! Kinyozi alitoa kiti chake cha pili kiwe ofisi yangu. Nilikaa na ubao magotini, kalamu sikioni, watu wakija mmoja mmoja. Namba moja ni kinyozi mwenyewe. Namba tatu ni mama anayetunza wazee wa wenyeji majumbani mwao, huyo aliongea saa mbili nzima, kalamu ikaisha wino nikaazima nyingine. Namba saba ni dereva wa gari la taka. Namba tisa alikuwa mwalimu huko kwao, hapa anapanga makopo dukani. Nilijisikia mtu mkubwa, nakwambia kweli. Wengine hawajaulizwa chochote tangu walipofika, isipokuwa karatasi zao.

Nimeyapanga vizuri, nimeandika kwa mwandiko wa kupendeza, hata profesa atakayeyasoma hatapata shida. La kumi na mbili ni langu na litafuata, kwa sasa nina shuka mpaka kidevuni.

Mama anasemaje kuhusu macho? Vumbi hilo halijaisha tu?

Dobi

17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Tupo. Mama anakusalimu. Bibi hajambo.

Madodoso yalifika tarehe nne. Nimekaa nayo karibu wiki mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu ningeandika siku ileile ningekukosea adabu. Sasa hasira imepungua. Haijaisha.

Niliyasoma dukani, nimekaa juu ya maboksi ya karatasi. La kwanza linasema: "Kazi si haba, wenyeji ni wema, nyumbani tunawakumbuka, tunamshukuru Mungu." Nikafurahi. La pili, kazi si haba. La tano, kazi si haba. Watu kumi na mmoja, mjomba, na wote kazi si haba! Mama aliyeongea saa mbili na kukumalizia kalamu ana mistari mitano. Nikampelekea Profesa, msimamizi wangu, mwanamke mfupi ambaye hacheki kabla ya saa sita. Akasoma yote bila kuinua kichwa, kisha akaniuliza, "Hawa wote wamezaliwa na mama mmoja?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi wamezaliwa na kalamu moja."

Umewachuja, mjomba. Umefanya kama tunavyomfanyia bibi. Wamekumiminia yote, wewe ukaniletea chai safi, na mimi nilichokuwa nahitaji ni majani.

Mwenzangu mmoja wa darasani ananishauri nipeleke hivyohivyo. Anasema wafadhili wanahesabu fomu, hawalii nazo. Huenda anasema kweli. Lakini sitapeleka. Nikipewa ufadhili kwa maneno ambayo hayakusemwa, nitasomea uongo wetu wenyewe miaka yote hiyo, kisha niitwe daktari wake. Bora nafasi ichukuliwe na anayenifuata.

Zimebaki wiki sita. Naomba urudi kwao. Na naomba la kumi na mbili, la kwako, kwa maneno yako.

Mbishi

1 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Kwanza nakwambia ukweli: sikujua kwamba nimechuja. Yule mama alikuwa anaongea, mimi nasikia kila neno, na mkono wenyewe unaandika "kazi si haba". Ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Lakini hata ningejua, ningefanya vilevile! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Watu hawa walinipa aibu zao wakiwa na sabuni ya kunyolea mashavuni. Wewe unataka nizitie kwenye bahasha, ziende kusomwa na watu wenye tai waliokaa kwenye viti vya kuzunguka? Wakishasoma watafanya nini? Watakupa pesa wewe. Yule mama atabaki na mzee wake wa kumbeba.

Halafu nyani haoni kundule. Kinyozi ana dada yake anayekaa mtaa wa pili kutoka kwenu. Dada huyo kaandika kwamba mama yangu anashikwa mkono kwenda msalani. Vumbi, ulisema. Vumbi! Miezi mitano unaniandikia "bibi hajambo" kwa mwandiko ulionyooka, na leo unanifundisha mimi ukweli.

La kumi na mbili usilisubiri.

Mjomba wako

13 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na nisamehe. Barua hii naituma kwa njia ya haraka. Kwa nauli yake ningekula wiki nzima, kwa hiyo isome yote.

Ni kweli. Jicho la kushoto la bibi halioni tangu Novemba. La kulia linaona mwanga na vivuli. Daktari anasema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, na tunamtia asubuhi na jioni bila kukosa. Nilitaka kukwambia. Mama akakataa, akasema ukisikia utaacha kazi uje mbio. Nikaona ana akili. Sasa naona tulikuwa waoga wawili tuliojipa jina la huruma.

Ngoja nikueleze nililofanya. Barua yako ya hasira ilipofika, bibi alinisikia naifungua. Akasema, "Soma." Nikaanza kutafuta pa kuruka, nikakuta hakuna pa kukanyaga, kila mstari ni wa kuruka. Basi nikaisoma yote, mjomba. Hata ile ya nyani. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema hivi, naandika kama alivyosema: "Barua za mwanangu nazisikia. Karatasi zinapinduliwa nne, maneno yanatoka ya karatasi moja. Miaka yote nimenyamaza kwa sababu niliona mnajitahidi."

Usiku ule sikulala, na asubuhi nikampelekea Profesa andiko jipya. Nimebadilisha utafiti. Sasa nauliza kile kinachodondoka njiani kati ya mtu aliyehama na nyumbani kwao, na nani anakidondosha. Madodoso yako kumi na moja si takataka tena. Nikiyaweka kando ya maneno ya kweli ya watu walewale, kila msomaji ataona kilichochujwa. Lakini siwezi kufanya hivyo bila ruhusa yao, na siwezi bila wewe.

Uliuliza wenye tai watafanya nini. Sijui. Ninachojua ni kwamba yule mama aliongea saa mbili. Mtu asiyetaka kusikika haongei saa mbili.

Mlango unafungwa tarehe 30. Hata wakija watatu tu, nitapeleka watatu, na barua ya kueleza kwa nini si sita. Sirudi nyuma.

Mbishi

21 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Na mimi natuma kwa njia ya haraka, tumefanana ujinga.

Mama yangu ananisikia karatasi! Nilicheka peke yangu kwenye mvuke, kisha nikaenda nyuma ya mapipa ya sabuni nikalia kidogo. Ahsante kwa kuniambia ya macho. Imeniuma, lakini nimeacha kuota mambo mabaya zaidi.

Jumapili nilikwenda kwa kinyozi, nikamwomba azime redio. Nikawasomea wote nilivyowaandika mara ya kwanza. Dereva wa taka akauliza, "Huyu mtu mwenye raha hivi ni nani? Nikamwombe kazi." Wakacheka, kicheko kikaisha. Nikawaeleza kosa langu, na kwamba mpwa wangu amekataa kupeleka uongo hata kama atakosa kusoma. Hilo ndilo lililowageuza. Sita wamekubali upya, na wametia dole gumba kwamba la kwanza na la pili yakae pamoja. Watano wamekataa, na nimewaheshimu.

Yule mama wa wazee alikuwa wa kwanza. Akanisimamia begani, akawa anatazama kalamu. Akasema, "Andika kwamba kila asubuhi nambeba mzee wa watu na kumwogesha, na baba yangu amekufa bila mkono wangu." Mkono ukataka kwenda wenyewe. Nikaushika. Nimeandika alivyosema.

La kumi na mbili hili hapa. Nina sharti moja. Mfuko wasome, Profesa asome, mama asisomewe.

Namba: 12. Kazi: dobi.
Umekaa mbali na nyumbani muda gani? Miaka kumi na moja na miezi minne.
Umerudi mara ngapi? Sijarudi.
Kwa nini? Kibali changu kiliisha mwaka wa pili. Aliyenileta aliahidi kukishughulikia, akapotea yeye na simu yake. Tangu hapo nipo hapa na sipo. Nikitoka siingii tena, na nikienda ofisini kuuliza naogopa nitawekwa ndani siku hiyohiyo. Wenye hoteli wanajua, ndiyo maana siku zote nipo chini na sipandishwi.
Kwa nini hukurudi moja kwa moja? Mwanzo ilikuwa ada. Mpwa wangu alikuwa anasoma. Baadaye ikawa haya. Mtu aliyeondoka kwa kusindikizwa na mtaa mzima anaona haya kurudi na begi lilelile.
Familia yako inaijua hali yako? Hapana.
Unawaambia nini? Kazi ni nyingi.
Wakiuliza utarudi lini? Mwakani.
Umesema hivyo mara ngapi? (Hili halimo kwenye dodoso, nimejiuliza mwenyewe.) Mara kumi na moja.

Basi. Kimbia nalo.

Dobi

3 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo! Sote wazima, bibi anatiwa matone na analalamika kwamba yanawasha, mama kanunua uzi wa rangi zote kwa furaha, na sasa utajua furaha ya nini.

Wamenipa. Mjomba, wamenipa! Barua ilifika Ijumaa, nikaisoma mara tatu dukani huku mteja ananiuliza chenji yake. Miaka miwili yote, na miezi minne ya utafiti kwenye mji wako, kwa kinyozi wako. Wameandika kwamba walizoea waombaji wanaoficha makosa yao, hawakuwahi kumpata aliyeyapanga mezani kando ya ukweli. Chuo kimethibitisha nafasi yangu. Anayenifuata kwenye orodha nimemwonyesha tangazo jingine linalofungwa Desemba, nikamkalisha kwenye fomu.

Kuna neno moja limenichoma. Kwa kanuni zao, ndugu wa mtafiti hahesabiwi. Sita wamepita, namba kumi na mbili imetolewa. Jibu lililokugharimu kuliko yote ndilo walilolifuta. Nilibishana nao kwa barua mbili, unanijua, na mara hii nimeshindwa, kwa sababu kanuni yenyewe ni ya haki. Profesa alinirudishia karatasi yako mkononi. Akasema, "Hii si ya mfuko wala si yangu."

Sikuwahi kukwambia nilivyoisoma mara ya kwanza. Nilisoma hapo penye ada, nikainuka nikafunga mlango wa duka mchana kweupe. Nilikuwa najua kuna kitu, mjomba, tangu miaka mingi. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nakula ndani yake. Nisamehe kwa hilo kuliko kwa vumbi.

Sasa karatasi iko nami. Yupo mtu mmoja anayeihitaji, na uliweka sharti kuhusu mtu huyohuyo. Sitalivunja bila ruhusa yako. Lakini naomba ruhusa.

Mbishi

19 Septemba

Mpwa wangu, daktari mtarajiwa,

Marahaba. Habari yako imenipandisha ghorofa tisa. Kinyozi alinyoa watu wawili bure kwa heshima yako, mmoja wao ni mimi.

Kutolewa kwa namba kumi na mbili hakukuniuma kama ulivyodhani. Nilipomaliza kuandika siku ile nilikuwa nimeshapata faida yake. Jumatatu ijayo nakwenda kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Wapo wanaowasaidia watu kama mimi bila kuuliza kwa sauti kubwa. Yule mama wa wazee ameomba ruhusa kazini anisindikize. Anasema nikikimbia atanibeba, amezoea.

Kuhusu ombi lako, nimekaa nalo siku nne. Naogopa. Naogopa ataacha kula kama siku ile ya jiwe. Naogopa atasema mwanangu alinidanganya. Lakini mtu anayehesabu karatasi kwa masikio, mimi namficha nini?

Msomee. Funga mlango, zima cherehani ya dada. Soma polepole, na akinyamaza usimharakishe. Usiruke hata pale penye haya.

Dobi

8 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na langu ili nilimalize. Viza nimeomba, wameniita kwenye usaili tarehe 22, nimebeba faili lenye unene wa tofali. Wakininyima nitakata rufaa, wakininyima tena nitaomba upya. Nimeshaulizia kanuni zote. Ya mwanasheria niandikie, hata kama jibu ni baya.

Jumapili tulimsomea bibi. Mama alikaa sakafuni, mimi kitandani. Nilisoma maswali kwa sauti moja na majibu kwa sauti nyingine, ili asikie nani anauliza na nani anajibu. Mama alilia kuanzia swali la tatu. Bibi hakulia. Nilipofika mwisho akasema, "Rudia pale penye kwa nini." Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikarudia mara nne.

Akaniuliza, "Kwa hiyo hawezi?" Nikamwambia, hawezi, bibi. Akasema, "Si kwamba hataki?" Nikasema hapana, hawezi. Akashika karatasi yako, akaipapasa juu mpaka chini, akaiweka chini ya mto, akatuambia tutoke.

Asubuhi aliniita, akaniambia nichukue kalamu. Haya ni maneno yake.

"Mwanangu, hujambo. Kazi ni nyingi, kazi ni nyingi, miaka kumi na moja nasomewa kazi ni nyingi. Mtoto anayetaka kumwona mama yake hashindwi na kazi. Nikajua hunitaki. Nikawa nahesabu nilikukosea wapi, nikaanzia ulipokuwa mdogo, kila usiku nahesabu, na sikuwaambia hawa. Kumbe umefungwa. Mwambie mwanasheria wako mama yako yupo, anangoja, asiharakishe akakosea. Na ujue kwamba jana nimelala, mwanangu. Nimelala mpaka kumekucha."